Kucheka picha bovu la Kihindi si kosa, kosa ni kulifanya daktari

Mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mwanawe wodini aliniuliza swali ambalo nililibeba hadi nyumbani. Mtoto ana selimundu. Kwa siku tatu alilia maumivu ya miguu na mgongo. Usiku wa nne dawa zilimkolea, akalala. Mama akavaa hedifoni, akafungua kwenye simu filamu ya zamani ya Kihindi, zile ambazo steringi anapigwa risasi tatu, anaanguka, anamkumbuka mama yake, anasimama na kuwachapa watu ishirini peke yake. Mama akacheka. Akajiziba mdomo kwa kanga, akaendelea kucheka hadi machozi yakamtoka. Muuguzi wa zamu alipopita, mama alizima simu haraka kama mtoto aliyekutwa jikoni na mkono kwenye kopo la sukari.

Asubuhi akaniambia, "Daktari, mimi ni mama wa namna gani? Mtoto wangu anaumwa, mimi nakaa nacheka upuuzi."

Huenda nawe umewahi kujiuliza hivyo. Pengine wewe ndiye mgonjwa, umeambiwa upumzike, na badala ya kusoma kitabu cha maana au kusali, umeangalia picha la saa tatu ambalo hata mwenye nyumba akikuuliza linahusu nini, unaona aibu kujibu. Au watoto wakishalala ndipo unapolifungua, sauti chini, ukijiambia ni dakika kumi tu.

Nilimjibu mama yule, na leo nakujibu wewe: kucheka kwako si kosa. Yapo hata hivyo mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni hatia unayojibebesha, kwa sababu inaharibu mapumziko yenyewe. La pili ni tiba unazoziona ndani ya picha hizo, kwa sababu ukizifuata zinaweza kuua.

Kwa nini kibovu kinatupendeza

Mapenzi yetu na filamu za Kihindi si ya jana. Wazee wa Unguja, Tanga, Mombasa na Dar es Salaam wanaikumbuka Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka 1951, na foleni za kwenye majumba ya sinema. Baadaye zikaja kanda za video, vibanda umiza, na sasa simu. Nyingi za filamu hizo ni kazi nzuri kabisa. Leo nazungumzia zile nyingine.

Chukua Disco Dancer ya 1982. Mithun Chakraborty ni mwanamuziki wa disko. Maadui wanatega umeme kwenye gitaa lake, mama yake anawahi kulishika, anakufa. Tangu hapo steringi anapata ugonjwa wa kuogopa gitaa. Mithun huyohuyo yumo katika Gunda ya 1998, ambamo majambazi wanatishana kwa vina, utadhani wako kwenye malumbano ya mashairi. Halafu ipo Jaani Dushman ya 2002, yenye waigizaji wakubwa tele, ambayo nyoka anayejigeuza mtu anawawinda wanafunzi wa chuo mmoja baada ya mwingine. Ukiiangalia hiyo na jamaa zako, nusu ya maneno hutayasikia kwa vicheko.

Usijione mjinga. Mwaka 2016 watafiti Keyvan Sarkhosh na Winfried Menninghaus wa Taasisi ya Max Planck mjini Frankfurt, Ujerumani, walichapisha utafiti kuhusu watu wanaopenda filamu mbovu. Walikuta kwamba wengi wao wana elimu ya juu kuliko wastani, na wanapenda pia kazi za sanaa zinazoheshimika. Wanajua wazi kwamba filamu ni mbovu, na ubovu huo ndio unaowafurahisha.

Kwa mgonjwa au mzazi aliyechoka ipo sababu nyingine. Picha bovu halikudai chochote. Ukisinzia dakika ishirini hujapoteza kitu. Unajua tangu mwanzo kwamba steringi hafi, mama na mwana watakutana, jambazi atapigwa. Mtu anayesubiri majibu ya vipimo amejaa mashaka siku nzima. Kukaa muda kidogo mahali ambapo mwisho unajulikana ni kitulizo, na hakuna sababu ya kukionea haya.

Kicheko kinafanya nini mwilini

Ukicheka kwa dhati, misuli ya tumbo na kifua inajikaza na kulegea mara nyingi, unavuta hewa zaidi, mapigo ya moyo yanapanda kidogo. Ukimaliza, misuli inalegea na mwili unatulia. Ubongo nao hutoa endofini, kemikali za mwili wenyewe zinazopunguza makali ya maumivu.

Mwaka 2012 Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walilipima jambo hili. Waliwaonyesha watu vichekesho, kisha wakawapima uwezo wa kuvumilia maumivu, kwa mfano kwa kuwafunga mkononi kitu cha baridi kali au mkanda wa kupimia shinikizo la damu uliojazwa upepo. Waliocheka walivumilia zaidi kuliko walioangalia filamu zisizochekesha. Watu hucheka zaidi wakiwa pamoja kuliko wakiwa peke yao, kwa hiyo ukiweza kuangalia na mwenzako, mwite.

Huko Mumbai kwenyewe, mji unaotengeneza filamu hizi, daktari anayeitwa Madan Kataria alianzisha mwaka 1995 kikundi cha kucheka bustanini akiwa na watu wachache tu. Leo vikundi vya namna hiyo viko katika nchi nyingi. Na Marekani mwandishi Norman Cousins alieleza mwaka 1976, katika jarida kubwa la kitabibu la nchi hiyo, kwamba alipokuwa na ugonjwa mkali wa viungo, dakika kumi za kucheka mbele ya vichekesho zilimpa saa mbili za usingizi bila maumivu.

Hapo tusimame kidogo. Habari ya mtu mmoja haitoshi kuwa ushahidi, na kicheko hakitibu selimundu, saratani wala kisukari. Mtoto mwenye selimundu bado anahitaji maji ya kutosha, joto, dawa za maumivu kwa saa zake na dawa zote alizoandikiwa. Homa ikifika nyuzi 38, zima filamu umpeleke hospitali saa hiyohiyo. Kicheko kinakusaidia kuivumilia njia ya matibabu. Matibabu yenyewe yabaki palepale.

Hatia ndiyo inayoharibu pumziko

Mwaka 2014 mtafiti Leonard Reinecke wa Ujerumani na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watu wanaoangalia televisheni au kucheza michezo ya video baada ya kazi. Walikuta kwamba waliochoka zaidi ndio waliojiona wenye hatia zaidi. Walihisi wanapoteza muda, wanakwepa majukumu. Na kwa sababu ya hatia hiyo, burudani haikuwapumzisha vizuri. Kwa maneno mengine, anayehitaji pumziko kuliko wote ndiye anayejinyima hata likiwa mkononi.

Mzazi mwenye mtoto mgonjwa yuko hapo hasa. Amezoea kusikia kwamba mama mwema hakai, baba mwema halegei. Akicheka anaona kama amemsaliti mwanawe. Lakini fikiria: anayeuguza wiki nzima bila kupumzika ndiye anayesahau dozi, anayemfokea mtoto, anayechanganya chupa za dawa. Kupumzika ni sehemu ya kuuguza.

Kwa hiyo fanya hivi. Usiibe muda wa kuangalia, jipangie. Mwambie mwenzako, dada au jirani, "Leo saa mbili mpaka saa tatu na nusu nitakaa na picha langu, naomba unishikie mtoto." Kilichopangwa na kusemwa waziwazi hakikuumizi moyo kama kile unachokifanya kwa kujificha chini ya shuka.

Tiba za kwenye picha usizilete nyumbani

Sasa tuje kwenye hatari. Cheka upendavyo, ila yafuatayo yaache humohumo kwenye kioo.

Damu. Katika Amar Akbar Anthony ya 1977, filamu iliyopendwa mno, ndugu watatu wamelala vitandani, damu yao inapanda kwenye mpira hadi chupa moja juu, kisha inamshukia moja kwa moja mama mgonjwa. Damu haipandi hivyo, wala haichanganywi ya watu watatu. Mchangiaji hutoa takriban mililita 450. Damu hiyo hupimwa kundi, virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende, kisha hulinganishwa na ya mgonjwa. Kuwa ndugu wa damu hakumaanishi kuwa na kundi moja la damu. Jambo moja filamu imelisema kweli: damu inatoka kwa watu. Ukiwa na afya njema, mwanamume unaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne.

Nyoka. Steringi anachana mguu wa mpenzi wake kwa kisu na kunyonya sumu kwa mdomo. Usifanye. Usichane, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Vua pete na bangili kabla ya uvimbe, mlaze mgonjwa, usiruhusu kiungo kilichoumwa kitikisike, mfikishe hospitali yenye dawa ya sumu ya nyoka. India yenyewe, kwenye filamu zote hizo za nyoka, watafiti walikadiria kwamba kati ya 2000 na 2019 watu wapatao 58,000 walikufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka.

Kichwa. Mtu anagongwa, anasahau jina lake. Anagongwa tena, anakumbuka yote, hata wimbo. Pigo la pili halimponyi mtu, linaweza kummaliza. Mtoto akianguka na kugonga kichwa, kisha akatapika tena na tena, akawa mlegevu au mgumu kuamka, akapata degedege, au akatokwa damu au maji puani au masikioni, nenda hospitali bila kusubiri kesho.

Moyo. Katika Clerk ya Manoj Kumar, ya 1989, mzee anashikwa na moyo na kinachomwinua ni wimbo wa kizalendo. Wewe ukipata maumivu ya kubana kifuani yanayokwenda mkononi, shingoni au kwenye taya, pamoja na jasho jembamba au kukosa pumzi, usipigiwe wimbo. Tafuta usafiri. Kila dakika inayopita, misuli ya moyo inakufa.

Kikohozi. Akikohoa mara moja tu na damu ikaonekana kwenye leso nyeupe, unajua huyu hafiki mwisho wa picha. Imani hii imewafanya watu waogope kupima. Kifua kikuu kinatibika, kwa kawaida kwa dawa za miezi sita, na dawa hizo hapa Tanzania hutolewa bure. Ukikohoa wiki mbili au zaidi, au ukikohoa damu, nenda kapime.

Umeme. Kile kisa cha gitaa katika Disco Dancer kinachekesha mpaka siku unapomwona mtu amenaswa na waya nyumbani. Usimguse. Zima umeme kwanza kwenye swichi kuu, kisha ndipo umsaidie.

Mimba. Daktari anamshika bibi harusi kiganja, anatabasamu, anatoa pongezi. Kwa kushika mkono tu hatuwezi kujua. Unahitaji kipimo, na ukithibitisha, anza kliniki mapema, kabla ya wiki ya 12.

Dua. Taa nyekundu juu ya mlango wa chumba cha upasuaji inazimika, daktari anatoka, anavua miwani, anasema dawa zimefika mwisho, imebaki dua. Mama anakimbilia hekaluni, kengele zinalia, mgonjwa anafungua macho. Waombeeni wagonjwa wenu, nami huwaombea wangu. Lakini nimepokea watoto waliosimamishiwa dawa za kifafa au za Ukimwi kwa sababu familia iliona sasa ni zamu ya dua peke yake. Dua na dawa havijawahi kugombana. Usimwachishe mtoto dawa bila kuzungumza na anayemtibu.

Namna ya kuangalia bila kuumia

Filamu za Kihindi zina jambo moja zuri kiafya: nyimbo. Wimbo ukianza, simama. Nyoosha miguu, tembea chumbani, cheza ukiweza. Mgonjwa wa kitandani azungushe vifundo vya miguu na kukunja vidole. Kukaa saa tatu bila kusogea kunaongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, hasa baada ya upasuaji, kujifungua au safari ndefu. Na pale yanapotokea maandishi ya mapumziko katikati ya filamu, pumzika kweli: kunywa maji, nenda chooni, meza dawa kama saa imefika. Weka kengele ya simu, kwa sababu hakuna mtu anayekumbuka dozi ya saa mbili wakati jambazi amemteka mama wa steringi.

Kama umefanyiwa upasuaji wa tumbo au umejifungua kwa upasuaji, kumbatia mto na kuubana kwenye kidonda kila kicheko kinapokuja. Kama una pumu na kila ukicheka unakohoa au kifua kinabana, huenda pumu yako haijadhibitiwa vizuri, kamwone daktari. Mama anayevuja mkojo akicheka naye aje kliniki bila aibu. Mara nyingi mazoezi ya misuli ya nyonga yanasaidia.

Chagua cha kutafuna. Bisi zisizo na chumvi nyingi, matunda au karanga kiasi ni bora kuliko chipsi na soda. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na mkono unaoingia kwenye bakuli gizani hauhesabu. Hedifoni nazo zisipite asilimia 60 ya sauti ya simu.

Kuhusu watoto, mzazi, kuwa mkali kidogo. Shirika hilohilo, katika mwongozo wa 2019, linasema watoto wa chini ya miaka miwili wasiwekwe mbele ya kioo, na wa miaka miwili hadi minne wasizidi saa moja kwa siku. Filamu nyingi kati ya hizi mbovu zina ubakaji na ukatili. Gunda, kwa mfano, si ya watoto hata kidogo. Iangalie mwenyewe kwanza.

Na usingizi. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi, mtoto wa shule tisa hadi kumi na mbili. Picha la saa tatu lililoanza saa tano usiku linakula mapumziko uliyokuja kuyatafuta. Si lazima ulimalize leo. Steringi atakusubiri, na mwisho unaujua.

Ukiona huchekeshwi tena

Burudani hii ina faida moja ya mwisho. Inaweza kukuonya. Ukiona picha limekuwa mahali pa kujificha, unaruka kliniki, hupokei simu, unaangalia hadi alfajiri kila siku ili usifikiri, basi hicho si kitulizo tena. Na ukiona yale yaliyokuchekesha zamani hayakuchekeshi, chakula hakipiti, usingizi hauji, moyo mzito karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hiyo inaweza kuwa sonona. Ni ugonjwa, unatibika, na wazazi wanaouguza watoto kwa muda mrefu hupatwa nao mara nyingi kuliko wanavyosema. Mweleze mhudumu wa afya kama unavyomweleza homa. Kama mawazo ya kujidhuru yanakujia, usisubiri wiki mbili. Mwambie mtu leo, nenda kituo cha afya leo.

Mama yule wa wodini nilimwambia kwamba kicheko chake kilinipa nafuu mimi kuliko yeye. Kabla ya usiku ule hakuwa amekula vizuri wala kulala siku tatu. Nilimwomba jambo moja tu, kwamba mara nyingine achomoe hedifoni mchana na kumwonyesha mwanawe kipande kinachomfaa.

Tunajua kwamba mtoto akipewa kitu cha kumshughulisha, uchungu wa sindano hupungua. Siku mbili baadaye tulihitaji kumtoa damu. Mama alishika simu mbele ya uso wa mtoto, steringi akiruka kutoka ghorofa moja hadi nyingine na kanzu yake haikunjiki. Sindano ilipoingia mtoto alikunja uso, akashtuka kidogo, halafu akauliza, "Mama, huyu haanguki?"

"Haanguki," mama akasema, na safari hii hakuziba mdomo.